Besa ya Siku Kumi

Pashk alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alisimama mbali, pale kwenye kona ya ukuta wa mawe, akaita kwa sauti: "Mwenye nyumba, unapokea wageni?" Akasubiri. Hakusogea hata hatua moja mpaka Lulash mwenyewe alipotoka mlangoni akifunga vifungo vya koti, uso umemchanua kwa furaha.

"Pita, mkwe, pita. Mbwa anakujua."

Basi akapita. Na Balosh, mbwa aliyemjua kwa miaka sita, aliyezoea kupokea mifupa kutoka mkononi mwake, akatoka nyuma ya zizi kimyakimya bila kubweka, akamrukia. Akamng'ata mkono wa kulia juu ya kifundo, akaachia, akamng'ata tena kwenye kidole gumba. Halafu akarudi zake nyuma ya zizi kana kwamba hakuna kilichotokea. Chupa yake ya raki, pombe kali ya zabibu, ilipasuka kwenye mawe na kokwa za jozi zikatapakaa kwenye theluji. Zilikuwa zawadi za kusherehekea mjukuu wao, mtoto wa binti wa Lulash na mwana mkubwa wa Pashk, aliyezaliwa wiki iliyopita kule mjini. Wazee wawili walikuwa wamepanga kunywa mpaka waimbe.

Katika milima ile mtu husamehewa mengi. Unaweza kuwa mchoyo, unaweza kuwa mlevi, watu watakucheka kisha watakuzoea. Lakini mgeni kuumia ndani ya ukuta wako, tena umemwambia kwa kinywa chako apite, hilo hulimalizi kwa kusema pole. Mbwa hufa papo hapo, mbele ya mgeni, kwa mkono wa mwenye nyumba, risasi ya kichwa. Ndivyo baba yake Lulash alivyofanya, na babu yake vilevile, na hakuna aliyewahi kukaa akajiuliza kama ni busara. Lulash alimwingiza mgeni ndani, akamkalisha karibu na jiko, kisha akaenda chumbani kutafuta risasi.

Mkewe, Dava, naye alikuwa na haraka zake. Alishatoka mbio na mkasi, kwa sababu kila mwanamke wa kijiji kile cha Gurmir anajua kwamba dawa ya jino la mbwa ni manyoya ya mbwa yuleyule: unayachoma, unachanganya majivu yake na raki, unapaka kwenye kidonda. Na manyoya lazima yakatwe mbwa akiwa hai. Akarudi akihema, na kishungi cha rangi ya kahawia mkononi, akakiweka juu ya koleo la jiko. Nyumba nzima ikanuka.

Hapo ndipo Drane alipoingia. Alikuwa nesi wa kijiji, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hakuwahi kuipandisha na ambayo kila mtu aliisikia. Zahanati yake ilikuwa nyumba mbili tu chini ya hapo, na ukelele wa Pashk ulikuwa umefika. Alitazama mkono, akatazama koleo.

"Mama Dava, hiyo weka chini."

"Ni manyoya yake mwenyewe, mwanangu. Nimeyakata sasa hivi."

"Naona. Weka chini, mama, unipe sabuni. Ile ya kufulia, kipande chote."

Akamwinua Pashk kwa kwapa, akampeleka uani kwenye bomba la maji ya chemchemi, ambalo watu wa huko huliacha litiririke majira yote ya baridi ili lisigande. Akamkunjia mkono wa shati mpaka begani, akauweka mkono chini ya maji, akaanza kusugua. Maji yale yalikuwa ya kukata mifupa. Alisugua, akasuuza, akapaka sabuni upya, akafungua kila shimo la jino kwa vidole vyake ili maji yaingie ndani kabisa. Saa yake alikuwa ameivua na kuining'iniza kwenye msumari mbele ya macho yake.

"Tumemaliza?" Pashk akauliza, meno yakigongana.

"Dakika tatu."

"Zimebaki tatu?"

"Zimepita tatu. Zimebaki kumi na mbili."

"Wee binti. Unanifua kama zulia la harusi."

"Zulia halifi likioshwa vibaya, baba."

Pashk alikuwa mtu wa mzaha, lakini hapo mzaha ulimwishia. Akautazama mkono wake, akauacha chini ya maji.

Lulash akatoka na bunduki. Alivuka ua bila kumtazama mtu, akaelekea zizini, na Balosh alipomwona akatingisha mkia. Lulash alisema baadaye kwamba mkia ule nusura umuue yeye.

"Mzee Lulash," Drane akasema. Hakugeuka. Alikuwa amempa mgongo na mikono yake ilikuwa bado imejaa povu. "Nimebakiza dakika sita hapa. Ukifyatua hiyo bunduki itabidi nigeuke, na mimi sitaki kugeuka. Nisubiri."

"Hili ni jambo la nyumba yangu."

"Najua. Dakika sita."

Na Lulash, mtu wa miaka sitini na saba, ambaye hata padri alikuwa akimwomba ruhusa kabla ya kumkatiza maneno, akasimama kwenye theluji na bunduki yake akasubiri. Hakuelewa kwa nini alisubiri. Labda ni kwa sababu alikuwa hajawahi kumwona mtu akifanya kazi namna ile, kwa mikono iliyokwisha kuwa myekundu kwa baridi, bila kuharakisha na bila kuchelewesha, kama vile duniani hakuna kitu kingine ila mkono wa mzee mmoja.

Dakika zilipotimia Drane alikausha mkono, akaumiminia dawa ya iodini, akafunga bendeji nyepesi tu. Dava aliuliza kwa nini hashoni. Drane akasema kidonda cha mbwa huachwa wazi, ukikishona unafungia uchafu ndani. Akampiga Pashk sindano ya pepopunda. Ndipo akamgeukia Lulash.

"Balosh amechanjwa?"

"Waliokuja kuchanja walikuja mwezi wa sita. Sisi tulikuwa malishoni."

"Alibweka kabla ya kung'ata?"

"Hapana."

"Amewahi kung'ata mtu?"

"Mbwa huyu? Watoto wote wa kijiji wamempanda mgongoni."

Drane akatikisa kichwa taratibu. "Mbwa mpole amemng'ata rafiki yake mchana kweupe, bila kubweka. Hilo silipendi, mzee. Inaweza kuwa hasira tu. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Hapa nilipo siwezi kujua, na wewe huwezi kujua. Anayejua ni yeye peke yake. Kama mate yake yalikuwa na kichaa leo, hatamaliza siku kumi bila kuugua mbele ya macho yetu. Ukimuua sasa, tena kwa kumpasua kichwa, umeliua na jibu."

"Siku kumi?" Sauti ya Lulash ilipanda. "Mbwa aliyemwaga damu ya mkwe wangu ale mkate wangu siku kumi? Watu watasemaje?"

"Watasema."

"Kwako ni rahisi."

"Si rahisi kwangu, mzee. Mimi ndiye nitakayemwona baba Pashk akifa kama nikikosea. Umewahi kumwona mtu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa? Mimi nimemwona mmoja, nilipokuwa bado mwanafunzi. Alikuwa akiomba maji, na akiletewa maji anayapigia kelele. Sitaki kumwona wa pili, na sitaki awe kwenye kitanda chako."

Lulash akautazama mkono wa Pashk. Lakini hakushusha bunduki. Kuna mambo ambayo mtu anayajua kichwani na bado miguu yake haiwezi kuyatembea. Alijua nesi anasema kweli. Alijua pia kwamba kesho asubuhi, mbele ya kanisa, wanaume wangemwangalia viatu badala ya uso.

Drane akaliona hilo. Mtoto wa milima ni mtoto wa milima, hata akisoma. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakishika kwa mikono miwili kama wafanyavyo wajumbe wa upatanishi, akasimama kati ya wazee wawili.

"Basi naomba besa," akasema.

Besa ni ahadi ambayo mlimani haivunjwi. Hata muuaji akiombewa besa na mtu wa tatu, nayo ikatolewa, ataoga, atalima, atapita mbele ya ndugu wa marehemu, na hakuna atakayemgusa mpaka siku zilizotajwa ziishe. Wapo waliokufa kwa kuilinda. Lakini hakuna aliyewahi kusikia ikiombwa kwa ajili ya kiumbe mwenye miguu minne.

"Kwa nani?" Lulash akauliza, ingawa alishaelewa.

"Kwa Balosh. Amemwaga damu, hawezi kujisemea mwenyewe, namsemea mimi. Namwombea besa ya siku kumi, kwa aliyeumia na kwa mwenye nyumba."

Pashk akaanza kucheka. Alicheka mpaka mkono ukamuuma, akaushika, akacheka tena. "Mkwe, tumekwisha. Huyu binti ametufunga kwa kamba yetu wenyewe." Kisha akaacha kucheka. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akakigusa kile kitambaa kilichokunjwa. "Natoa. Siku kumi. Mimi ndiye niliyeng'atwa na mimi nataka kujua."

Aliyeumia akishatoa, wewe mwenye nyumba utasema nini? Lulash akaweka bunduki chini, akagusa kitambaa. Alijiona mjinga kupita kiasi. Pia, na hili hakumwambia mtu, kifua kilimlegea kwa shukrani.

"Na aliyetoa besa huilinda," Drane akamkumbusha akijifunga tena kitambaa chake. "Hakuna wa kumgusa, hata wewe. Chakula sukumeni kwa koleo."

Wakamfungia Balosh kwenye kibanda cha mawe cha kugandishia jibini, mlango wa mbao wenye upenyo wa kutazamia.

Sasa ikaja habari ya chanjo. Zahanati ya Gurmir haikuwa nayo, na barabara ilikuwa imefungwa na maporomoko ya theluji tangu Alhamisi. Drane alipiga simu mjini. Daktari akamwambia gari la wagonjwa linaweza kufika mpaka darajani, ng'ambo ya kilele, lakini si zaidi ya hapo. "Inatosha," Drane akasema. Lulash alimsikia kwa masikio yake akisema inatosha, na alijua kilele kile. Wakati wa kiangazi, kwa mguu wa mtu mzima, ni mwendo wa saa tatu kwenda. Kwenye theluji hata mbuzi hawakipandi.

Jumapili alfajiri Drane akaondoka, amejifunga miguuni yale matao ya mti wa hazeli yanayomzuia mtu asizame. Alikataa kusindikizwa. Alisema mtu wa pili atamchelewesha, na kusema kweli hakukuwa na mwanamume Gurmir aliyekuwa na pumzi zake; wote walikuwa wazee au wavutaji sigara. Siku ile Lulash hakwenda kanisani. Alikaa dirishani. Dava alimletea kahawa mara tatu na mara tatu ikapoa.

Saa kumi jioni akamwona, kidoa cheusi kwenye weupe, kikishuka. Alipoingia nyumbani kope zake zilikuwa zimegandiana na midomo imepasuka. Shingoni alikuwa amening'iniza chupa ya chai ya kutunzia joto, na ndani yake chanjo zimevikwa soksi ya sufu. Akaeleza huku akivua glavu kwa meno: dawa ile ikipata joto inaharibika, na ikiganda inaharibika vilevile, kwa hiyo njia nzima alikuwa akiifungua kidogo na kuigusa kwa kidole, kama mtu anayepima maziwa ya mtoto.

"Kaa kwanza, upate supu," Dava akasema.

"Nitakula nikimaliza."

Akanawa mikono. Kwanza zilikuja sindano za dawa ya kuzuia kichaa papo hapo, zinazopigwa kukizunguka kidonda, nazo zilikuwa za kutoa jasho. Pashk alishika ubao wa benchi na kuwataja watakatifu kwa zamu, na alipomaliza orodha akaanza upya. Kisha sindano ya bega, ya kwanza katika zile za mfululizo. Nyingine akazitia kwenye friji ndogo ya zahanati na kuandika tarehe zake. Alipomaliza ndipo akala, bakuli tatu, bila kusema neno. Lulash alikuwa akimtazama. Alikuwa amewajua mashujaa wengi maishani, au watu walioitwa hivyo, na karibu wote walikuwa wakizungumza sana.

Jumatatu akaja Fran, mwana mdogo wa Pashk, kutoka kitongoji cha ng'ambo ya mto. Alikuja na bunduki begani na kijiji kizima kinywani.

"Wananicheka, mzee Lulash. Wanasema baba yangu amelazwa na mbwa aliyemng'ata analishwa mkate wa mahindi."

"Na jibini," Lulash akasema. "Anapenda jibini."

"Nionyeshe alipo, nimalize hili jambo."

Na hapo, asikuambie mtu, Lulash akajikuta amesimama mbele ya mlango wa kibanda, mikono ameitandaza. Mtu yuleyule ambaye Jumamosi alikuwa akitafuta risasi.

"Huyu yuko kwenye besa."

"Besa ya mbwa, mzee? Una akili?"

"Besa ni besa. Mimi sijui kuhesabu miguu ya mtu kabla ya kumtimizia ahadi. Ukitaka kupita, anza na mimi, halafu nenda kamweleze baba yako."

Pashk alikuwa amefungua dirisha na kusikia yote. "Fran," akaita, "weka huo mzigo, uje ule. Na uvue viatu, nesi amefagia." Kijana akashusha bunduki, kisha akavua viatu.

Jumanne Balosh alikula. Jumatano alikula, akanywa, akaitika jina lake. Lulash alikwenda upenyoni asubuhi na jioni kama alivyoagizwa, na Drane alikwenda mchana, na kila alipotoka huko Lulash alimuuliza kwa macho, naye alijibu kwa kichwa: mzima. Jumatano hiyohiyo Pashk alipata sindano ya pili. Lulash alianza kuwa na furaha ya siri. Alianza hata kuwaza kwamba siku ya kumi na moja angezungumza na mkwe wake, kiungwana, juu ya raki, aone kama damu ile ingeweza kusahaulika.

Ijumaa asubuhi alimwita, na Balosh hakuitika.

Alikuwa amesimama kwenye pembe, kichwa kimeinama, taya la chini limelegea na ute unaning'inia mpaka sakafuni. Lulash akasukuma bakuli la maji kwa koleo. Mbwa akasogea, akataka kunywa, koo likambana, akarudi nyuma akitetemeka. Halafu ghafla akaling'ata lile koleo la chuma mpaka likalia. Macho yake yalimpita Lulash bila kumwona.

Drane alikuja akatazama kwa muda mrefu, paji la uso likiwa limeegemea ubao.

"Ndiyo," akasema. "Pole sana, mzee wangu. Besa imekwisha. Usimwache ateseke. Lakini siyo kichwa, hicho kitapelekwa mjini kupimwa. Kifuani, kupitia upenyo, na usifungue mlango."

Lulash alifanya alivyoambiwa. Ilikuwa risasi moja. Kisha akakaa kwenye gogo la kupasulia kuni akalia waziwazi, mbele ya nesi na mbele ya mkwe wake aliyekuwa amesimama mlangoni, na hakujifuta. Alikuwa amemlea mbwa yule kwa chupa. Mara mbili Balosh alikuwa amemwokolea kondoo kutoka kwa mbwamwitu. Pashk alikuja akakaa pembeni yake. Hakuwa na mzaha wowote siku hiyo. Alikuwa akiutazama mkono wake uliofungwa, akifikiria maji yale ya baridi na zile dakika kumi na tano alizozilalamikia.

Drane hakuwaacha waendelee kuomboleza. Alivaa glavu mbili mbili, akaufunika mzoga, akamwaga dawa sakafuni. Kisha akawaita wote jikoni.

"Sasa nisikilizeni vizuri. Baba Pashk yuko salama, ameoshwa mapema na sindano zake anazo. Swali langu ni la wengine. Nani mwingine aliyeguswa na mate ya mbwa huyu, siku ile au siku zile za kabla? Hata alama ndogo. Hata kulambwa penye mchubuko."

"Hakuna," Lulash akasema. "Ni mkwe tu."

"Sikukuuliza wewe tu, mzee."

Jiko lilikuwa likinguruma. Dava alikuwa amesimama kwenye beseni akiwapa mgongo, na alikuwa akiosha kikombe kilekile tangu walipoingia. Akakiweka chini. Akageuka, mikono imekunjwa ndani ya aproni, uso umemwisha rangi.

"Wakati nakata manyoya," akasema. "Alinishika hapa. Kidogo tu."

Akatoa mkono wa kushoto. Kati ya kidole cha shahada na cha kati kulikuwa na alama mbili, ndogo kama za sindano ya kushonea, zimeshafunga.

"Dava." Lulash akausogelea ule mkono.

"Nilipaka majivu. Nilipaka yale majivu yaliyobaki." Akamtazama mumewe kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. "Mgeni alikuwa akivuja damu, Lulash. Mgeni. Mimi ningesema nini, kwamba nimekwaruzwa?"

Siku sita alikuwa amepika, ameoka mikate, amemtandikia mgeni kitanda, amemletea mumewe kahawa dirishani. Hakuna aliyemtazama mikono. Lulash akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili. Pashk aling'atwa mbele ya watu; mkono wa Pashk ungetibiwa hata kama mbwa angeuawa saa ileile. Lakini kama Lulash angeifyatua ile bunduki Jumamosi, kama mwanamke mmoja mwenye povu mikononi asingemwambia asubiri, mbwa angezikwa, aibu ingefutika, na Dava angeendelea kuoka mikate mpaka siku ambayo angeomba maji na kuyapigia kelele. Nao wasingejua hata kwa nini.

Drane alikuwa ameshachukua sabuni. "Njoo, mama."

"Siku sita zimepita, mwanangu. Bado kuna haja?"

"Ipo. Njoo."

Akamwosha kwenye bomba lilelile, na saa msumarini. Lulash alisimama karibu nao, na safari hii yeye ndiye aliyeshika saa. Akampa Dava chanjo kutoka kwenye zile alizomtunzia Pashk, maana ya Pashk iliyofuata ilikuwa ya Jumapili. Lakini ile dawa ya kukizunguka kidonda haikuwepo tena, na chanjo zilizobaki hazikutosha watu wawili.

"Atapona?" Lulash akamuuliza pembeni, kwa sauti ya chini.

"Kichaa kinatembea polepole mwilini, mzee. Sisi tunatembea haraka kuliko chenyewe. Naondoka sasa hivi, gari litanikuta darajani."

"Nakuja na wewe."

"Mzee wangu..."

"Umesema kichwa cha Balosh kipelekwe kupimwa. Kitabebwa na nani, na wewe una chupa shingoni? Nakuja." Neno lililofuata hakuwa amezoea kulitumia kwa mtu ambaye yeye alimzidi umri kwa miaka thelathini na sita. "Tafadhali."

Drane akamtazama miguu, akatazama kifua, kama mtu anayenunua farasi. "Utavuta pumzi kwa pua, na hutavuta sigara mpaka turudi," akasema.

Walipita mbele ya kanisa wakati wanaume wamekaa ukutani wanaota jua. Njia ilikuwa nyembamba, ya kupita mtu mmoja mmoja. Huko mlimani mwanamume hutangulia na mwanamke hufuata; hivyo ndivyo wanavyokwenda harusini, shambani na makaburini. Drane alikuwa mbele. Lulash alikuwa nyuma yake, na ndoo ya bati iliyojaa theluji mgongoni, kichwa cha Balosh kikiwa ndani yake, akiweka mguu wake mkubwa ndani ya kila alama aliyoiacha Drane.

"Lulash," mmoja akamtupia neno kutoka ukutani, na wenzake wakaanza kucheka, "siku hizi unafuata wanawake?"

"Namfuata huyu," Lulash akasema.

Hakusimama. Mpando ulianza palepale nyuma ya kanisa, Drane hakuwa akipunguza mwendo, na walitakiwa wawe darajani kabla jua halijageuka.